Antena ya juu ya paa: Mambo ya kuangalia kabla ya kutoa fedha

USIKU wa Desemba 31, 2012, mitambo ya kurushia matangazo ya televisheni kwa mfumo wa analojia ilizimwa jijini Dar es Salaam. Miji ya Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya ilifuata katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2013, na Tanzania ikawa imeanza mapema kabla ya Juni 17, 2015, tarehe iliyokuwa imewekwa katika makubaliano ya kimataifa yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006.

Mjadala wa siku zile ulikuwa juu ya king'amuzi: bei yake, nani anakiuza, na mwananchi wa kipato cha chini atakipataje. Kifaa kilichokuwa kimekaa juu ya paa miaka yote hakikuzungumzwa sana, ingawa ndicho kinachoamua kama hicho king'amuzi kitakuwa na kitu cha kung'amua.

Matokeo ya ukimya huo yanaonekana hadi leo katika mitaa mingi. Familia hununua king'amuzi cha antena ili ipate taarifa ya habari bila gharama kubwa, ikakiunganisha, na skrini ikaandika kwamba hakuna mawimbi. Hununuliwa busta. Baada ya busta hununuliwa antena nyingine kubwa zaidi, yenye maandishi ya kung'aa kwenye boksi. Mwishowe nyumba huishia kwenye ungo wenye malipo ya kila mwezi, wala si kwa kuupenda, bali kwa kuchoka. Fedha zilizopotea njiani zingetosha kununua antena moja nzuri na waya mzuri, na chenji ikabaki.

Kosa la kwanza huanzia kwenye boksi hilo hilo. Wanunuzi wengi huuliza kama antena ni "ya dijitali", na wauzaji hujibu kwa furaha kwamba ndiyo. Ukweli ni kwamba antena haina habari na jambo hilo. Antena ni vijiti vya chuma, aghalabu alumini, vilivyokatwa kwa urefu maalumu ili mawimbi yanayopita angani yaamshe ndani yake umeme mdogo sana, ambao husafiri kwenye waya hadi kwenye king'amuzi. Kazi ya kutambua kama mawimbi hayo yamebeba picha za analojia au tarakimu za dijitali hufanywa na king'amuzi, si na vijiti. Antena iliyokuwa ikinasa vizuri masafa fulani mwaka 2005 itayanasa masafa hayo hayo leo, hata kama haina neno lolote lililoandikwa juu yake.

Kinachotakiwa kuulizwa ni masafa. Matangazo ya dijitali ya minarani katika ukanda huu hurushwa kwenye masafa ya UHF, kuanzia megahezi 470 hadi 694, yaani chaneli namba 21 hadi 48 kwa hesabu ya wahandisi. Namba hizo hazihusiani na namba za vituo anazobonyeza mtazamaji kwenye rimoti. Ni mgawanyo wa anga, na kila chaneli ina upana wa megahezi 8, ambamo vituo vingi hupakiwa pamoja kama abiria wa basi moja.

Masafa yakijulikana, urefu wa vijiti nao hujulikana, kwa kuwa urefu wa wimbi kwa mita hupatikana kwa kugawa 300 kwa idadi ya megahezi. Kwa chaneli ya 21, wimbi lina urefu wa sentimita 63 hivi, na kijiti kinachofaa ni takriban nusu yake, yaani sentimita 32. Kwa chaneli ya 48 kijiti hupungua hadi karibu sentimita 22. Mnunuzi mwenye rula, au hata mwenye kiganja chake tu, anaweza kuisoma antena dukani bila kuhitaji boksi: vijiti vya urefu wa shibri moja hadi moja na nusu ni vya UHF. Vijiti vinavyokaribia mita moja na kuzidi ni vya masafa ya chini, yaitwayo VHF.

Hapo ndipo antena nyingi za zamani zilipokwama. Kabla ya mwaka 1994 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni, wakati Zanzibar ilikuwa na chake, chenye picha za rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Wakazi wa pwani waliokuwa na seti waliinua mabomba marefu na kuelekeza antena zao ng'ambo ya bahari. Vituo vya Bara vilipoanza, antena zenye vijiti virefu ziliendelea kutumika katika miji mingi. Baadhi ya antena hizo zingali juu ya mapaa ya kale ya Dar es Salaam na Tanga, zimenyooka na ni imara, lakini kwa chaneli za leo ni sawa na wavu wa papa uliotegewa dagaa.

Upande wa pili wa mkanda huo nao una mtego wake. Zamani masafa ya televisheni yalipanda hadi megahezi 862, na antena nyingi zinazouzwa bado zimetengenezwa kwa kiwango hicho. Baadaye sehemu ya juu ilikatwa kimataifa na kupewa simu za mkononi. Hapa nchini, masafa ya megahezi 700 yalinadiwa kwa kampuni za mawasiliano mwaka 2018. Antena inayofika 862 itafanya kazi, ila itabeba pia kelele za minara ya simu, na katika mtaa ambao mnara wa simu uko jirani kabisa, kelele hizo huweza kukizidi nguvu king'amuzi. Penye uwezekano wa kuchagua, antena iliyoandikwa kwamba inaishia chaneli ya 48, au megahezi 694, ni bora zaidi.

Ni vema pia kutaja zawadi za ndugu walioko ughaibuni. Nchini Marekani, mkanda wa UHF wa televisheni umepunguzwa hadi kuishia megahezi 608, baada ya zoezi la kuhamisha vituo lililokamilika mwaka 2020. Antena mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya huko inaweza kuwa dhaifu kwenye chaneli za juu za huku. Hata hivyo tatizo kubwa zaidi ni seti yenyewe: televisheni ya Marekani ina king'amuzi cha ndani cha mfumo wa ATSC, wakati huku hutumika DVB-T2. Hakuna antena duniani inayoweza kusuluhisha hilo. Mwenye seti ya aina hiyo anahitaji king'amuzi cha nje, na mwenye seti yenye DVB-T2 ndani yake atapata tu vituo ambavyo mrushaji hakuvifunga kwa kadi.

Baada ya masafa huja mwelekeo, na hapa ndipo sura za antena zinapoanza kuwa na maana. Ile inayofanana na mifupa ya samaki ilibuniwa nchini Japani mwaka 1926 na Shintaro Uda pamoja na Hidetsugu Yagi, na hadi leo hubeba majina yao. Katika mifupa yote hiyo, kipande kimoja tu ndicho kilichofungwa waya. Kilicho nyuma yake hufanya kazi ya kioo, kikirudisha mawimbi mbele. Vijiti vilivyo mbele huyaongoza mawimbi yaingie. Antena ya namna hiyo husikia sana upande mmoja na kuziba sikio pande nyingine, jambo ambalo ni faida, maana kelele nazo hutoka pande zote.

Nguvu ya kusikia hupimwa kwa desibeli. Kila desibeli 3 zinazoongezeka maana yake ni nguvu mara mbili, na desibeli 10 ni mara kumi. Antena ndogo ya mifupa huwa na desibeli 7 hadi 10. Ndefu iliyoundwa vizuri hufika 12 au 14. Kurefusha antena mara mbili hakuongezi zaidi ya desibeli 3. Kwa hiyo boksi linapodai desibeli 36 au 50, mnunuzi ajue kwamba hiyo si nguvu ya antena bali ni ya busta iliyofichwa ndani yake, na mambo hayo mawili hayafanani, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Zipo pia antena za mviringo, zinazofanana na sahani au uyoga, zinazosemekana kunasa kutoka pande zote bila kuelekezwa. Asili ya mahitaji yake inaeleweka zaidi kwa kutazama magari-nyumba ya Marekani, yale yenye vitanda, jiko na choo ndani yake, ambayo wenye nayo huzunguka kutoka jimbo hadi jimbo. Mtu anayelala kila usiku mji tofauti hajui mnara uko wapi, na hana fundi wa kumpandia paani. Baadhi yao huchagua antena ya mviringo na kukubali kupata vituo vichache vya karibu. Wengine hufunga antena yenye mwelekeo, inayoinuliwa na kuzungushwa kwa mkono wa chuma ulioko ndani ya gari. Ile iitwayo Sensar ya kampuni ya Winegard, yenye mabawa kama popo, ndiyo iliyozoeleka zaidi. Hupata vituo vingi kuliko wenzao, ila kuna wanaosahau kuiteremsha asubuhi, wakaondoka nayo ikiwa imesimama hadi tawi la kwanza la mti.

Nyumba ya Mbagala au Sinza haiendi popote. Mnara hautahama, wala paa halitahama. Kumnunulia mtu asiyesafiri antena ya msafiri ni kumlipisha kwa uwezo asiouhitaji na kumnyima anaouhitaji. Antena ya mviringo inafaa pale tu ambapo mnara uko karibu sana, au minara miwili inayotakiwa iko pande zinazopingana.

Namna ya kuujua upande wa mnara si ngumu. Ofisi ya kampuni iliyouza king'amuzi inapaswa kumweleza mteja mnara unaohudumia eneo lake, na ni haki yake kuuliza kabla ya kulipa. Njia ya kienyeji nayo haina ubaya: kutazama antena za majirani wanaopata picha nzuri. Zaidi ya mwelekeo, jirani huonyesha jambo jingine ambalo husahaulika, yaani kama vijiti vyake vimelala au vimesimama. Mnara hurusha mawimbi yaliyolala au yaliyosimama, na antena inapaswa kulala au kusimama vivyo hivyo. Ikikosewa, sehemu kubwa ya mawimbi hupotea, na fundi asiyelijua hilo atauza busta ilhali kilichohitajika ni kulegeza nati moja na kuizungusha antena robo duara.

Juu ya urefu wa bomba, wenye nyumba wengi huamini kwamba kila mita inayoongezwa huleta mji mwingine. Mawimbi ya UHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na dunia imepinda. Umbali ambao antena mbili zinaweza kuonana hupatikana kwa kuchukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, kuongeza kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya nyumbani, kisha kuzidisha jumla kwa 4.12. Mnara wa mita 100 na antena iliyo mita 4 kutoka ardhini huonana hadi kilomita 49 hivi. Antena ikipandishwa hadi mita 9, umbali unakuwa kilomita 54. Mita tano za bomba, kilomita tano za ziada: si jambo la kumfanya mtu ahatarishe shingo yake.

Faida halisi ya kupanda iko kwingine, nayo ni kuruka vizuizi. Ghorofa la jirani, mwembe, kilima kidogo au mabati ya nyumba yenyewe huzuia kuliko umbali. Ndiyo maana mita mbili zinazoivusha antena juu ya kichwa cha mwembe zina thamani kuliko mita sita katika uwanja ulio wazi. Ni kwa sababu hiyo hiyo antena za ndani hushindwa katika nyumba nyingi za mijini: mabati juu, zege lenye nondo pembeni na vyuma vya dirishani huifanya sebule iwe kama sanduku lililofungwa.

Hesabu hiyo ya upeo inasaidia pia kuyapima madai ya antena zinazoandikwa kuwa zinafika kilomita 200. Ili antena ionane na mnara wa mita 100 ulio umbali huo katika nchi tambarare, ingelazimu iwekwe kwenye urefu wa karibu mita 1,500. Mkazi wa miteremko ya Usambara au Uluguru huenda akabahatika. Mkazi wa Tabata hawezi, hata alipe kiasi gani.

Sehemu inayopuuzwa kuliko zote ni waya. Watu hujadiliana bei ya antena kwa nusu saa, kisha humwambia muuzaji awakatie waya wowote. Waya wa antena una kiini cha shaba, utando mweupe unaokizunguka, na kinga ya nje ya karatasi ya alumini pamoja na nyuzi za chuma zilizosukwa. Unaofaa kwa nje ya nyumba huandikwa RG6. Mwembamba zaidi, RG59, ndio unaopendwa madukani kwa sababu ya bei.

Kwa masafa ya televisheni ya dijitali, mita 20 za RG6 nzuri hupoteza desibeli 3 hadi 4, yaani nusu ya mawimbi au zaidi kidogo huishia njiani. Mita 20 za RG59 hupoteza karibu desibeli 5, kikabaki theluthi moja tu. Kwa maneno mengine, aliyenunua antena ndefu mara mbili kisha akaiunganisha kwa waya mbaya wa kuzunguka nyumba nzima amekirudisha kila alichokinunua. Upo na waya ulio duni kuliko huo, ambao kinga yake ni nyuzi chache zilizotawanyika. Ukichubuliwa ncha, utando huonekana kati ya nyuzi. Huo haufai hata kwa mita tano, kwa kuwa unapoteza mawimbi ya mnara huku ukiruhusu kelele za pikipiki, jenereta na chaja za simu ziingie.

Kuunganisha vipande viwili kwa kusokota na kufunga kwa gundi ya plastiki, kama wafanyavyo wengi, ni kosa jingine. Kiungo cha namna hiyo huonekana kimeshika wakati wa kiangazi, na mvua za masika zikianza maji hupenya, hutambaa ndani ya waya na kuoza kinga yake. Hapo lawama huenda kwa hali ya hewa. Ukweli ni kwamba mvua yenyewe haiyasumbui mawimbi ya UHF kwa kiasi cha kuonekana. Wanaosumbuliwa ni wenye ungo, ambao mawimbi yake yako kwenye gigahezi 11 na 12, na hunyonywa na matone. Mwenye antena anayekosa picha kila mvua inaponyesha akague waya na viungo vyake kabla ya kitu kingine chochote.

Na sasa busta. Kifaa hiki si cha kudharauliwa, ila kimepewa sifa ya uganga. Busta haitengenezi mawimbi. Huyakuza yale iliyoyakuta, pamoja na kelele zake, na huongeza kelele kidogo za kwake. Ikiwekwa nyuma ya televisheni, mwisho wa waya mrefu, hukuza mawimbi ambayo tayari yamechakaa. Mahali pake ni juu, karibu kabisa na antena, ili iyashike yakiwa bado safi na kuyapa nguvu ya kuvuka waya. Kazi yake halali ni hiyo: kufidia waya mrefu, au kufidia mgawanyo pale ambapo antena moja inalisha vyumba vitatu.

Kwa aliye karibu na mnara, busta huweza kuleta hasara. King'amuzi kilichozidiwa na mawimbi makali huonyesha dalili zile zile za kile kilichokosa, na mwenye nyumba hukimbilia kuongeza busta ya pili. Jaribio lisilogharimu kitu ni kuiondoa kwanza na kutazama. Ikumbukwe vilevile kwamba busta ya juu hulishwa umeme kupitia waya huo huo wa antena, ama kutoka kwenye kifaa kidogo cha ndani au kutoka kwenye king'amuzi chenyewe, ambacho kwenye orodha ya mipangilio huwa na kipengele cha kuwasha umeme wa antena, volti 5. Kipengele hicho kikizimwa kwa bahati mbaya, na watoto hupenda kubonyeza, busta hufa na mara nyingi huziba njia kabisa.

Tofauti kubwa kati ya enzi mbili hizi iko kwenye namna picha inavyoharibika. Analojia ilikuwa muungwana: mawimbi yakipungua, picha iliingia chenga taratibu, watu wakaonekana wawili wawili, lakini mechi iliendelea. Dijitali haina upole huo. Picha hubaki safi kabisa hadi ukingoni, kisha hukatika vipande vya mraba, sauti ikadakia, na baada ya hapo ni giza. Nyumba inayopata picha nzuri leo inaweza kuwa imesimama hatua moja kutoka ukingoni bila kujua, na jani jipya la mwembe likatosha kuisukuma.

Kwa sababu hiyo, macho hayatoshi kupimia antena. Karibu ving'amuzi vyote vina ukurasa unaoonyesha mistari miwili, mmoja wa nguvu na mwingine wa ubora. Mafundi wenye haraka hutazama ule wa nguvu. Wa kutazamwa ni wa ubora, kwa kuwa nguvu hupanda hata kwa kelele, wakati ubora hupanda tu mawimbi yanaposomeka. Antena husogezwa kidogo kidogo, kiasi cha vidole viwili, kisha husubiriwa sekunde chache, maana king'amuzi huchelewa kujibu. Wakati mwingine kuihamisha nusu mita kushoto juu ya paa hilo hilo hufanya kazi ambayo busta imeshindwa, kwa sababu mawimbi yanayorudi kutoka kwenye kuta na mabati hukutana na kuuana mahali fulani, na kuungana mahali pengine.

Kwa miji ya pwani, uimara una uzito kuliko desibeli mbili zaidi. Hewa ya chumvi hula chuma, na hula haraka zaidi pale skrubu za chuma cha kawaida zinapogusana na alumini. Antena nyingi za bei nafuu hufa hivyo: vijiti vizima, lakini nati iliyoshika waya imegeuka unga mwekundu. Kabla ya kununua ifunguliwe ile kasha ndogo ya plastiki ya kuunganishia waya, ikaguliwe kama ina mpira wa kuzuia maji na kama skrubu zake hazishiki kutu. Unene wa kijiti nao upimwe kwa kukibonyeza. Kunguru wa Dar es Salaam hawana simile, na kijiti chembamba kinachokaliwa na watatu kila jioni hakimalizi mwaka kikiwa kimenyooka.

Waya unapoingia ndani ushuke kwanza chini ya tundu la dirisha kisha upande, ili maji yadondokee nje badala ya kufuata waya hadi nyuma ya televisheni.

Yapo mambo mawili ambayo hayana uhusiano na picha, lakini uzembe wake hugharimu uhai. La kwanza ni nyaya za umeme. Bomba la chuma la mita sita mikononi mwa mtu aliyesimama juu ya mabati ni njia ya moja kwa moja ya umeme kuingia ardhini kupitia mwili wake. Kanuni isiyo na mjadala ni kwamba bomba lisimamishwe mahali ambapo, likianguka upande wowote, halitaufikia waya wa umeme. Katika viwanja vyembamba vya mijini hilo humaanisha kwamba upande mmoja wa nyumba haufai kabisa, hata kama ndio wenye mawimbi mazuri, na mwenye nyumba hana haki ya kumshawishi fundi afanye vinginevyo kwa kumwongezea fedha.

La pili ni radi. Bomba liunganishwe na etha kwa waya mnene wa shaba hadi kwenye nondo iliyozikwa ardhini, na kazi hiyo ifanywe na fundi umeme. Hata hivyo, etha haimaanishi kwamba televisheni imepona. Wingu linapojikusanya, waya wa antena uchomolewe kutoka kwenye king'amuzi mapema. Ngurumo zikishaanza, waya huo usiguswe.

Katika nyumba za kupanga zenye familia nyingi, ambako kila mlango una bomba lake na paa limekuwa msitu, ingekuwa nafuu kwa wapangaji kuchangia antena moja bora, busta moja juu na kigawa mawimbi chenye matundu ya kutosha. Kigawa cha njia mbili hupoteza karibu desibeli 4 kwa kila tundu, na cha njia nne takriban 7 au 8, hasara ambayo busta moja nzuri huimudu. Kinachokwamisha mpango huo kwa kawaida si ufundi bali ni swali la nani atalipa umeme wa busta, ambao kwa kweli ni mdogo kuliko wa taa moja.

Fundi anapomaliza kazi, asishuke ngazi kabla chaneli zote hazijatafutwa upya na mistari ya ubora haijasomwa kwa kila kundi la vituo. Viwango hivyo viandikwe pamoja na tarehe kwenye karatasi ndogo, ibandikwe nyuma ya televisheni. Picha itakapoanza kukatika miezi minane baadaye, karatasi hiyo itaonyesha kama vituo vyote vimeshuka kwa pamoja, jambo linaloelekeza kwenye waya au busta, au kama limeshuka kundi moja tu na mengine yamesimama, ambapo kosa huenda likawa kwa mrushaji na hakuna sababu ya kupanda paani.